Mikono Arobaini ya Kushoto

Yule mgeni hakubisha hodi. Aliingia kama mtu anayerudi kwake, akavua miwani ya jua, akatazama kamba tuliyotundikia majoho, akachagua moja bila kuuliza.

"Naomba uliache hapo," nikamwambia. "Hayo si ya kuuza. Ni ya kwaya."

"Najua ni ya kwaya. Ndiyo maana nimekuja."

Akalibeba joho hadi mlangoni, penye jua. Akaupapasa mkono wa kulia kwa kiganja, kutoka begani kushuka. Akaupapasa na wa kushoto. Kisha akacheka, kicheko cha puani.

"Njoo uone, dada."

Sikutaka kwenda. Miguu ikaenda yenyewe.

Ndani, chini ya taa zetu nyeupe, joho lile lilikuwa jekundu moja tangu kola hadi pindo. Pale juani lilikuwa na rangi mbili. Mwili na mkono wa kulia vilikuwa vyekundu vya kung'aa. Mkono wa kushoto ulikuwa umefifia, mzito, kama damu kavu.

Mgeni akachukua la pili. Vilevile. La tatu. Vilevile.

"Yote arobaini?" akaniuliza.

 Nilikuwa nimeshajua kwamba ni yote arobaini, na nilikuwa nimeshajua kwa nini.

Mnaofuata simulizi hii tangu mwanzo mnajua nilivyofika hapa. Miaka miwili ya kutuma barua za kazi zisizojibiwa, mpaka Shangazi akanipa kiti katika karakana yake ya ushonaji ili nisiozee nyumbani. Mnajua alivyoteleza kwenye ngazi akavunjika mguu, akaniachia funguo na mafundi watatu. Mnajua nilivyomfuata Mwenyekiti wa kwaya mara nne, nikimsihi majoho ya Krismasi yashonwe hapa mtaani, na watu anaowajua kwa sura, badala ya kuagizwa kwenye lile Duka Kubwa la barabarani. Mara ya nne akakubali, nikarudi mbio kama niliyefaulu mtihani upya.

Kuna jambo moja sikuwaambia. Si kwamba nililisahau.

Siku Fundi Mkasi, mkataji wetu, alipokwenda kliniki ya macho, mikono ya majoho ilikuwa bado haijakatwa. Alikuwa amekwisha kulaza karatasi za kukatia juu ya mahameli, zote zikitazama upande mmoja. Nikaona kitambaa kinapotea bure. Mkono wa joho ni mwembamba juu na mpana chini. Ukiugeuza mmoja kichwa chini, unaingia kando ya mwenzake bila kuacha nafasi. Mimi niliyeandika kurasa sitini chuoni kuhusu kupunguza upotevu, nikaigeuza yote ya kushoto. Nikakata mwenyewe. Nikafunga mafungu kwa utepe wa pindo la kitambaa, kama anavyofunga yeye, nikayapanga mezani pake. Nilitaka akirudi akute kazi imekwisha, apumzishe macho.

Nilidhani nimemsaidia mzee wa watu.

"Mahameli ina manyoya," mgeni akaanza kutufundisha, kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya barabara. "Vipande vyote vikilala upande mmoja, manyoya yote yanashuka. Ukigeuza kipande, yake yanapanda, na juani rangi inabadilika. Hili analijua hata anayejifunza kuingiza uzi kwenye sindano. Nani mkataji wenu?"



Mama Vifungo, anayetoboa na kudarizi matundu ya vifungo kwa mkono, aliacha sindano hewani. Kimya, mshonaji wetu, ambaye aliitwa hivyo kwa sababu hajawahi kunyamaza, alinyamaza kwa mara ya kwanza.

Fundi Mkasi akavua miwani yake mipya. Akaifuta taratibu kwa ncha ya shati.

"Mimi," akasema.

Nikafungua mdomo. Nikaufunga.

"Mzee, macho yamechoka," mgeni akasema, na nadhani alijiona mwema kwa kusema hivyo. "Kila mtu na wakati wake." Kisha akanigeukia mimi. "Mimi ndiye msimamizi wa nguo wa Duka Kubwa. Mwenyekiti aliniomba nipite nione kazi inavyokwenda. Stoo nina majoho arobaini, yamekunjwa, yako ndani ya mifuko. Nitamweleza nilichokiona."

Akalining'iniza joho kwenye kitasa cha mlango, kama koti lililolowa, akaondoka.

Ilikuwa tarehe ishirini na mbili, saa tatu asubuhi.

*

Saa nne Shangazi alipiga simu.

"Mwenyekiti ameniambia," alisema. Hata salamu hakutoa. "Sasa nisikilize. Mzee Mkasi amefanya kazi yake, na mimi namheshimu. Lakini nikibaki na mkataji asiyeona, nitaachwa na wateja wote. Mwandikie barua leo. Iwe ya heshima. Wewe ndiye uliyesoma."

"Shangazi, subiri..."

"Nisubiri nini? Krismasi nayo itasubiri? Andika, mwanangu. Umpe mkononi."

Basi nikaandika.

Nataka mjue jambo hili nililifanya, msije mkaniona mwema kuliko nilivyo. Nilikaa kwenye meza ya Shangazi, nikachukua karatasi nzuri, nikaanza: "Kwa moyo wa shukrani kwa miaka thelathini na mmoja ya utumishi wako." Miaka miwili nilingoja mtu anipe kazi inayohitaji digrii yangu. Ndiyo hii ikanijia: kumfukuza kwa lugha laini mtu asiye na kosa.

Nikaikunja. Nikaenda hadi mezani pake. Alikuwa anakusanya vitu vyake tayari: chaki, futi, mkasi mkubwa uliofungwa kwenye flana.

"Ni barua?" akaniuliza.

"Ndiyo, Mzee."

"Leta."

Akanyoosha mkono.  Nikaivuta barua nyuma.

"Siwezi," nikasema.

"Leta tu, binti. Hujaiandika kwa kupenda."

"Siwezi kwa sababu ni mimi." Nikageuka ili wote wasikie. "Ile mikono niliikata mimi. Mzee alilaza karatasi sawasawa, mimi nikazigeuza ili nibakize kitambaa. Yeye hakuwepo hata. Na yule mtu alipouliza, nilinyamaza nikamwacha mzee achukue lawama zangu."

Nilitegemea matusi. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi.

"Najua," akasema Fundi Mkasi.

"Unajua?"

"Yule bwana alipolipeleka joho juani, nikakumbuka mafundo. Yale mafungu ya mikono yalifungwa kwa fundo langu, lakini limelegea. Mimi fundo langu halilegei. Nikasema, aa, kumbe huyu mtoto alinifanyia kazi."

"Sasa kwa nini ulisema ni wewe?"

"Mimi nina miaka sitini na nane. Nikifukuzwa, watu watasema nimestaafu. Wewe ukifukuzwa utarudi kulala kitandani na vyeti vyako."

Mama Vifungo akajipiga kofi moja mapajani. "Haya, mnaona? Mmoja anakosa anakaa kimya, mwingine hakukosa anasema. Karakana ya wendawazimu hii. Na wewe Kimya, mikono yote hiyo imepita kwenye cherehani yako. Hukuona?"

"Niliona," Kimya akasema.

Sote tukamgeukia.

"Jua la dirishani lilipoingia, niliona mmoja unawaka, mmoja umezima. Nikasema, hii itakuwa fasheni ya chuo kikuu. Mimi niliishia darasa la saba, nitambishia Digrii?"

"Ungeuliza," nikamwambia.

"Siku ile nilipouliza kwa nini tunapanga bobini za nyuzi kwa rangi, ulinieleza dakika arobaini. Nilikuwa na kazi, dada yangu."

Mama Vifungo ndiye aliyeanza kucheka. Mimi nililia. Fundi Mkasi akachukua barua kutoka mkononi mwangu, akaigeuza upande usio na maandishi, akaanza kuchora kitu kwa chaki.

Nikampigia Shangazi. Nikaweka simu kwenye spika, maana nilikuwa nimechoka na siri. Nikamweleza yote.

 Nilisikia redio yake kwa mbali.

"Kwa hiyo ni wewe," akasema.

"Ni mimi, Shangazi."

"Basi ile barua usiichane. Badilisha jina tu."

Mama Vifungo akashika mdomo.

"Nakupa hadi tarehe ishirini na nne, saa kumi jioni," Shangazi akaendelea. "Kwaya ikivaa majoho yetu, tutazungumza. Isipovaa, utaacha funguo juu ya meza. Na mimi nitamkubalia yule bwana wa Duka Kubwa. Ameshaniuliza mara mbili kama nitawapangishia hiyo karakana iwe stoo yao."

"Na mafundi?"

"Stoo haihitaji mafundi," akasema, akakata.

*

Nilichokuwa nimekosea kwa kurasa sitini, Fundi Mkasi alikirekebisha kwa mchoro mmoja nyuma ya barua.

"Kitambaa kingine hakuna," akasema. "Hicho ulichobakiza hakitoi hata mikono minane. Lakini tuna mikono themanini. Arobaini inang'aa, arobaini imefifia. Shida si kufifia. Shida ni kuchanganya. Mkono wa joho hauna mbele wala nyuma, wa kulia unakaa kushoto bila taabu. Sasa, majoho ishirini tunayavua mkono uliofifia. Ishirini mengine tunayavua unaong'aa. Tunabadilishana."

Kimya akaelewa kabla yangu. "Ishirini yanang'aa yote. Ishirini yana mikono mizito pande zote mbili."

"Na kwaya inasimama pande ngapi?"

"Mbili," nikasema. "Kushoto na kulia."

"Basi. Upande mmoja hivi, upande mmoja vile. Lakini utampigia Mwenyekiti umwambie ukweli. Sitaki mtu aseme tumemficha."

Nilimpigia. Nilimweleza kosa lilivyotokea na aliyelifanya. Alikohoa, akavuta pumzi.

"Arobaini au hakuna," akasema mwishoni. "Saa kumi."

Hesabu ilikuwa mbaya. Mikono arobaini ya kufumua na kushona upya, na majoho ishirini na sita yalikuwa bado hayana matundu ya vifungo, sita kwa kila joho. Ukiyatoboa matundu hayo kwa mashine, mahameli hukandamizwa ikabaki na makovu. Lazima yafanywe kwa mkono, na mkono wenyewe ni mmoja tu.

Nikaenda kuchuchumaa mbele ya kiti cha Mama Vifungo.

"Mama, naomba msaada wako."

"Nimeshaona unavyokuja umeinamisha kichwa. Nitafanya." Hakuinua macho kwenye sindano. "Lakini nina neno. Tarehe ishirini na nne saa sita kamili mimi naondoka. Binti yangu alijifungua mwezi wa tisa, mjukuu sijamwona. Basi la mwisho linatoka saa saba, baada ya hapo ni mpaka sikukuu ipite. Mwaka wa kumi na moja huu, Krismasi inanikuta hapa nakamilisha nguo za watu. Shangazi yako kila mwaka ananiambia, Mama Vifungo, saa moja tu. Saa moja yake inaishaga giza limeingia."

"Saa sita kamili utaondoka," nikasema.

"Usiseme kunifurahisha."

"Nakuahidi, mama. Iwe yameisha, iwe hayajaisha."

Akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Hilo la mwisho hukutakiwa kulisema," akasema. "Sasa nitalikumbuka."

*

Siku mbili zile sijawahi kuona mfano wake.

Fundi viatu wa mlango wa pili alikuja bila kuitwa, akakaa kwenye ndoo, akaanza kufumua nyuzi kwa kisu chake chembamba. Msusi wa jirani alifunga saluni saa ambayo wanawake wanapanga foleni, akaja na nyembe na wateja wake wawili, vichwa nusu vimesukwa. Nikamwambia aende, atapoteza wateja wa sikukuu.

"Kioo changu kilipovunjika, nani alinipa pazia nifunike dirisha?" akauliza. "Shangazi yako. Alinishonea palepale, nimesimama. Duka Kubwa lingenipa kadi ya kusubiri. Sogea, unanizibia mwanga."

Jioni ya tarehe ishirini na tatu yule mgeni akarudi. Safari hii alibisha hodi.

Akasimama akitazama vile vichwa nusu vilivyosukwa, ile ndoo, mikono ya mahameli iliyotandazwa kila mahali. Akaniita nje.

"Dada, nimeambiwa una digrii ya biashara."

"Ninayo."

"Mwezi wa kwanza nahitaji msaidizi. Ofisi, kiyoyozi, barua ya ajira. Unajua wangapi wameomba? Mimi nataka wewe. Mtu anayeweza kuwakusanya watu hivi ni mtu wa kazi."

Ndugu zangu, miaka miwili. Nilizikumbuka bahasha zote, kila lango la ofisi, kila mlinzi aliyeniambia meneja hayupo huku meneja akipita nyuma yake.

"Na natakiwa kufanya nini?"

"Hakuna. Hilo ndilo jambo zuri. Usifanye chochote. Waambie waende nyumbani wapumzike, maskini. Mwenyekiti atachukua yangu. Nani atakaa anatazama ndani ya kola aone limetoka wapi?"

"Fundi Mkasi atatazama."

"Nani?"

"Yule uliyemwambia macho yamechoka. Siku ileile alichora namna ya kuyarekebisha majoho yote arobaini. Umwajiri yeye kama unataka mtu wa kazi."

Akatabasamu. "Una hasira. Lala, ufikirie."

"Nimelala miaka miwili," nikamwambia. "Asante kwa kuja."

Nilirudi ndani. Kimya alikuwa amesikia kila neno, maana alikuwa ameacha kushona makusudi.

"Kiyoyozi, Digrii," akasema. "Umekataa kiyoyozi."

"Shona, Kimya."

"Nashona. Nasema tu. Kiyoyozi."

*

Tarehe ishirini na nne, saa tano na nusu, mikono yote ilikuwa mahali pake. Tukayatoa majoho nje juani, ishirini huku, ishirini huku. Msusi akasema "Mh," na msusi huyu hasifu ovyo. Upande mmoja uling'aa. Upande wa pili ulikuwa na mikono mizito, ya heshima, kana kwamba mtu alikaa akafikiri hivyo tangu mwanzo.

Lakini majoho saba yalikuwa wazi kifuani. Hayana hata tundu moja.

Saa sita kasorobo Mwenyekiti akafika. Ng'ambo ya barabara, pikapu ya Duka Kubwa ilikuwa imeegeshwa kwenye kivuli. Nyuma yake niliona mifuko inayong'aa, imepangwa vizuri, na yule bwana ameegemea mlango.

Mwenyekiti akazunguka majoho mara mbili. Akapapasa mikono. Nilimwona anatafuta kasoro, na nilimwona anaikosa.

"Hii imekaa vizuri," akakiri. "Hii nimeipenda, kusema kweli. Hayo saba?"

"Vifungo tu," nikasema.

Akamtazama Mama Vifungo, ambaye alikuwa anaingiza sindano zake kwenye kipande cha sponji. Begi lake lilikuwa tayari miguuni.

"Mbona mama anafunga vitu?"

"Anasafiri saa saba. Anatoka hapa saa sita."

"Anasafiri." Akalirudia neno kama mtu aliyeambiwa utani asiouelewa. "Mimi nahitaji arobaini saa kumi. Amebakiza saba. Akikaa saa nne hizi, kila mtu anafurahi. Shangazi yako anafurahi, kwaya inafurahi. Mwambie akae."

"Siwezi kumwambia hivyo."

"Kwa nini?"

"Nilimwahidi."

"Binti, ahadi ya basi?"

"Mwenyekiti, hiyo suruali uliyovaa, nani aliipanua kiuno?"

Akajitazama bila kupenda. Kimya akainama ghafla kutafuta kitu kisichokuwepo chini ya cherehani.

"Fundi Mkasi," nikasema. "Mara tatu, na hajamwambia mtu. Kola ya shati lako aliigeuza nani ilipoliwa? Mama huyu. Miaka kumi na moja mtaa mzima unakwenda kuimba Krismasi umevaa kazi ya mikono yake, na yeye siku hiyo yuko kwenye kiti hiki. Hakuna aliyewahi kupita hapa kumuuliza, wewe mama utakula wapi. Mimi nilikuja kwako mara nne nikasema, tusaidie, wape kazi watu wa hapa. Lakini kama kuwapa kazi maana yake ni kuwanyima sikukuu, basi hatujawasaidia. Tumewatumia tu, kwa karibu zaidi."

 Mwenyekiti akatoa leso, akafuta paji la uso.

"Mwanangu." Ilikuwa sauti ya Mama Vifungo.

Nikageuka. Alikuwa ameketi tena. Joho la kwanza kati ya yale saba lilikuwa mapajani pake, na sindano imerudi kidoleni.

"Mtoto hawezi kukimbia, bado hata kutambaa," akasema. "Nitamwona mwezi wa kwanza. Ukipoteza hii, Mzee anapoteza meza yake, huyu mropokaji anapoteza cherehani yake, na wewe unarudi kwenye kitanda chako. Nitabaki. Ahadi yako nimekuachia, huna deni kwangu."

Aliniachia. Mlisikie hilo. Hakuna ambaye angenilaumu. Mwenyekiti alikuwa ameshaanza kutabasamu, anatafuta kiti akae asubiri.

Nilimtazama Fundi Mkasi. Alikuwa anaitazama saa ya ukutani kupitia miwani yake mipya.

"Naiona vizuri," akasema. "Ni saa sita kasoro dakika mbili."

Nikapiga magoti mbele ya kile kiti. Nikamtoa Mama Vifungo sindano kidoleni, taratibu, maana ilikuwa na uzi. Nikaichomeka kwenye sponji. Nikaliondoa joho mapajani pake.

"Hujaniachia," nikamwambia. "Ahadi ni yangu. Simama, mama."

"Usiwe mjinga."

"Nimeshakuwa. Mikono arobaini ya kushoto. Simama."

Akasimama. Mdomo wake ulikuwa unacheza, sikujua kama ni kicheko au kilio, na nadhani hata yeye hakujua.

"Huyu mama akitoka," Mwenyekiti akasema, na sasa hakuwa anatabasamu, "namwita yule bwana avuke barabara. Ujue hilo."

"Nimejua."

Kimya akaenda kwenye kiti cha Mama Vifungo, akatandika kitambaa juu yake, kama tunavyofunika cherehani mwisho wa kazi. Fundi Mkasi akachukua yale majoho saba, akayatundika kwenye kamba moja baada ya jingine, wazi kifuani, akasimama mbele yake amekunja mikono. 

Mwenyekiti akatoka hadi kizingitini. Akainua mkono juu. Ng'ambo ya barabara, yule bwana akaacha kuuegemea mlango wa pikapu.

Mimi na Mama Vifungo tukatoka, tukampita Mwenyekiti begani. Simu ikaanza kulia mfukoni mwangu. Nilijua mlio huo. Shangazi nimempa mlio wake peke yake. Ikalia, ikakatika, ikaanza tena.

Mbele yetu nilisikia pikapu ikiwashwa.

"Pokea," Mama Vifungo akasema. "Ni shangazi yako."

Sikuwa na mkono wa kupokelea. Upande mmoja nilibeba begi lake, upande wa pili nilimshika kiwiko ili avuke barabara, na kengele ya kanisa ya saa sita ilikuwa haijamaliza kulia.